Kiti cha Bunge ni Mali ya Nani?



Kila baada ya miaka mitano Mkenya huamka alfajiri, akapanga foleni, akatia kidole wino, na kumtuma mtu mmoja kwenda Bungeni kwa niaba yake. Siku hiyo yeye ndiye mkubwa. Wanaoitaka kura yake humwamkia kwa heshima, humwita mzee hata akiwa kijana, na humwahidi barabara, maji na zahanati. Tahariri hii haiihusu siku hiyo. Inahusu zile siku nyingine zote, zaidi ya elfu moja na mia nane, zilizo kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Katika siku hizo, ni nani mwenye uwezo wa kusema kwamba fulani si mbunge tena, kwamba kiti chake ki wazi, na kwamba mtu mwingine aingie mahali pake?

Tukiipitia sheria pamoja na historia, tunapata jibu la kusikitisha. Mauti yana uwezo huo, na hayana mjadala. Mahakama inao, inapobatilisha uchaguzi uliokwenda kombo. Rais anao, kwa kuwa chini ya Katiba ya 2010 mbunge akiteuliwa waziri hana budi kukiacha kiti. Chama kinao, kwa njia ya barua na nidhamu. Spika anao, kwa kuwa ndiye anayetangaza kwamba kiti ki wazi. Mbunge mwenyewe anao. Barua moja ya kujiuzulu yatosha. Anayekosa uwezo huo ni mmoja tu, naye ni yule aliyepanga foleni alfajiri.

Hoja yetu ni kwamba kiti cha Bunge ni mali ya wananchi wa eneo linalowakilishwa, na hubaki mali yao siku zote za miaka mitano. Aliyemo ndani yake amekaa kwa amana. Bali tangu tupate uhuru, kila aliyeshika madaraka amejaribu kukigeuza kiti hicho kuwa mali ya mtu mwingine.

Viti vitupu

Tuanze na yaliyotokea karibuni. Mwezi wa Machi 2023 mbunge wa Banissa, katika Kaunti ya Mandera, Kulow Maalim Hassan, aliaga dunia. Katiba inaagiza kwamba kiti cha mbunge aliyechaguliwa kikiwa wazi, uchaguzi mdogo ufanywe katika muda wa siku 90, isipokuwa zimebaki chini ya siku hizo kufikia uchaguzi mkuu. Kwa hesabu hiyo watu wa Banissa walistahili kupiga kura kabla ya Julai 2023. Walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Siku 90 zikawa miaka miwili na miezi minane.

Sababu yake haikuwa vita wala ukame. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka haikuwa na makamishna. Wale waliosimamia uchaguzi wa 2022 walikuwa wametoka, baadhi kwa kujiuzulu baada ya mgawanyiko wa Agosti mwaka ule na wengine kwa kumaliza muda wao mwanzoni mwa 2023. Hakuna aliyewekwa mahali pao mpaka Julai 2025. Katika muda huo wote wanasiasa wa pande zote mbili walibishana juu ya nani ateue jopo la kuteua; mazungumzo yakaitishwa, sheria ikarekebishwa, kesi zikafunguliwa. Nao viti vikaendelea kuwa wazi kimoja baada ya kingine. Mei 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kubatilishwa kwa uchaguzi wa Magarini. Agosti 2024 mbunge wa Ugunja, Opiyo Wandayi, akawa waziri. Februari 2025 mbunge wa Malava, Malulu Injendi, akafariki. Baadaye mbunge wa Mbeere Kaskazini, Geoffrey Ruku, naye akateuliwa waziri. Mwisho wa Aprili 2025 mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, akauawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi. Ilipofika siku ya kura, maeneo sita yalikuwa yakingoja.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hebu tutazame ni mambo gani yalipitishwa wakati Banissa haipo. Juni 2023 Bunge la Taifa lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoleta tozo ya nyumba juu ya mishahara. Tarehe 25 Juni 2024 lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, siku ambayo vijana waliingia hadi ndani ya majengo ya Bunge na baadhi yao wakapoteza maisha barabarani. Mswada huo Rais alikataa kuutia sahihi. Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 walipiga kura ya kumwondoa Naibu wa Rais, na 44 wakapinga. Siku hiyo Banissa haikuwa na sauti, wala Magarini, wala Ugunja. Hatusemi kwamba kura tatu zingebadili matokeo. Twasema kwamba watu wa maeneo hayo walitozwa kodi ile ile, wakatawaliwa kwa sheria zile zile, na hakuna aliyeitwa jina kwa niaba yao. Kodi bila uwakilishi ndiyo kilio kilichowafanya wazee wetu kudai uhuru.

Kuna jambo jingine ambalo halikutajwa sana. Mwezi ule ule wa Agosti 2024 Wandayi alipoacha kiti cha Ugunja, mwenzake wa chama hicho hicho, John Mbadi, naye aliacha kiti chake ili awe waziri. Lakini Mbadi alikuwa mbunge wa kuteuliwa, aliyeingia kwa orodha ya chama. Kiti chake kilijazwa kutoka orodha hiyo, na mrithi wake akaapishwa, kabla watu wa Ugunja hawajapata nafasi ya kupiga kura. Kiti cha chama hakikukosa mwenyewe, na kiti cha wananchi kikangoja. Kwa mwanasheria, huo ni ushahidi unaojieleza.

Mkuki kwa nguruwe

Ugonjwa huu haukuanza 2023. Yafaa vijana waliozaliwa baada ya vyama vingi kurudi waujue mzizi wake.

Tulipopata uhuru mwaka 1963 tulikuwa na mabaraza mawili, Baraza la Wawakilishi na Seneti, na vyama viwili vikubwa, KANU na KADU. Novemba 1964 KADU ilijivunja, na wabunge wake wakahamia upande wa Serikali. Watu waliowachagua kwa tikiti ya KADU, wengi wao wakiwa wa jamii ndogo zilizoogopa kumezwa, hawakuulizwa neno. Hapakuwa na uchaguzi mdogo hata mmoja wa kuwauliza kama wanaridhia. Wakubwa walishangilia na kuuita umoja wa taifa.

Mwezi wa Aprili 1966 mambo yalikwenda upande wa pili. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais, na kundi la wabunge na maseneta likatoka pamoja naye kuunda KPU. Safari hii umoja wa taifa haukutajwa. Katiba ilibadilishwa kwa haraka isiyo ya kawaida kabla mwezi huo haujaisha, ikasemwa kwamba mbunge anayekihama chama kilichompeleka Bungeni sharti akiache kiti na kurudi kwa wapiga kura. Viti 29 vya mabaraza yote mawili vikatangazwa kuwa wazi. Uchaguzi ulifanywa Juni 1966, chama kipya kikiwa na wiki chache tu za kujiandaa, na KPU ikapata viti 9. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hadithi haikuishia hapo. Mwanzoni mwa 1967 Seneti ilivunjwa na kuunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Maseneta 41 hawakurudi nyumbani. Yaliundwa maeneo mapya 41, idadi ya wabunge wa kuchaguliwa ikapanda kutoka 117 hadi 158, na maseneta wakaingia katika baraza la chini kuwakilisha maeneo ambayo hayakuwa yamewapigia kura. Pamoja na hayo Bunge lilijiongezea muda. Kwa hiyo katika miaka mitatu taifa changa liliona mambo matatu: wabunge waliohama bila kuulizwa, wabunge waliotimuliwa kwa kuhama, na wabunge walioingia bila kuchaguliwa. Katika yote matatu aliyeamua alikuwa Serikali. KPU yenyewe ilipigwa marufuku Oktoba 1969.

Wakati wa chama kimoja

Baada ya hapo sheria ya 1966 iligeuka kuwa kamba shingoni mwa kila mbunge. Pakiwa na chama kimoja tu, kufukuzwa katika chama ni kufukuzwa Bungeni. Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri Desemba 1988 akilalamikia wizi wa kura. KANU ikamfukuza, na Kiharu ikampoteza mbunge wake. Kosa lake halikuwa dhidi ya watu wa Kiharu. Wao hawakuwa wamemshitaki.

Mbunge aliyefungwa kwa zaidi ya miezi sita, au aliyekosa vikao vinane mfululizo bila ruhusa, naye alipoteza kiti. Sharti la mahudhurio ni jema, na hata leo Katiba inalo kwa namna yake. Lakini katika nchi ambamo Serikali ilikuwa na uwezo wa kumweka mbunge kizuizini bila kumfikisha mahakamani, sharti hilo lilikuwa na makali mawili. Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge Oktoba 1975, wakawekwa kizuizini. Mtu aliyefungiwa na Serikali atahudhuria vipi?

Na kiti kingeweza pia kupokezwa kama urithi wa shamba. Mwaka 1980 mbunge wa Kikuyu alijiuzulu, na Charles Njonjo, aliyekuwa ametoka kustaafu kazi ya Mwanasheria Mkuu, akaingia Bungeni bila kupingwa. Wapiga kura wa Kikuyu waliamka wakakuta wana mbunge mwingine.

Hesabu ya 1992 na yaliyofuata

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 ulikipa KANU viti 100 kati ya 188. Upinzani ulipata 88, nao ukiwa umegawanyika. Rais aliongeza wabunge 12 wa kuteuliwa, wote kwa hiari yake, na chama tawala kikawa na 112 katika Bunge la watu 200. Hesabu hiyo haikutosha kwa wenye nguvu. Kuanzia 1993 wabunge kadhaa wa upinzani walianza kuhamia KANU, Hamisi na Lugari zikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Wengi wakati ule waliamini kwamba fedha na vyeo ndivyo vilivyowasukuma.

Hapa twaomba msomaji atulie nasi, kwa maana jambo lina pande mbili. Sheria ile ya 1966, iliyotungwa kwa nia mbaya, katika miaka ya tisini ilitenda jema moja. Ilimlazimu aliyehama arudi nyumbani na kusimama mbele ya watu waliomtuma. Wengine walisamehewa na kurudishwa, wengine walikataliwa. Vyovyote vile, mwananchi aliulizwa. Kanuni kwamba mwenye kubadili rangi ya shati lake arudi kwanza kwa mwenye shati ni kanuni ya haki, hata kama aliyeitunga kwanza hakuipenda haki. Ndiyo maana hatuungi mkono wanaosema kwamba mbunge awe huru kuhama apendavyo. Uhuru wa dhamiri ya mbunge tunauheshimu. Dhamiri ikimpeleka chama kingine, na impeleke kupitia kwa wapiga kura wake.

Wajanja walijifunza. Kwa nini ujiuzulu, nawe waweza kubaki na kadi ya chama kimoja mfukoni huku mguu, mkono na kura viko upande wa pili? Juni 2004 Rais Kibaki aliwaingiza katika baraza la mawaziri wabunge wa vyama vilivyokuwa upinzani, na hakuna aliyekiacha kiti chake. Tangu hapo imekuwa desturi. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inasema kwamba mwanachama anayejiunga na chama kingine, au kukipigia debe hadharani, atahesabiwa kuwa amejiuzulu. Lakini ina mianya kwa ajili ya miungano, na mianya hiyo wabunge wamepita na ngamia zao.

Baada ya uchaguzi wa 2022 palitokea mgogoro juu ya upande upi una wengi. Oktoba 2022 Spika wa Bunge la Taifa aliamua kwamba Kenya Kwanza ina wabunge 179 na Azimio 157, akivihesabu upande wa Kenya Kwanza baadhi ya vyama vilivyokwenda kwenye uchaguzi vikiwa ndani ya Azimio. Februari 2023 ikapita, na Februari 2024, na Februari 2025 ndipo Mahakama Kuu ikasema kwamba uamuzi ule ulikiuka Katiba. Siku chache baadaye Spika alitoa uamuzi mpya, na wengi wakabaki wale wale. Hatutaki kuingia katika ugomvi wa nani alikuwa na haki kati ya miungano hiyo miwili. Tunataka msomaji aone kwamba mbunge aliyetumwa na watu wake upande mmoja alihesabiwa upande mwingine kwa zaidi ya miaka miwili, na aliyehesabu hakuwa mpiga kura.

Urithi wa marehemu

Mauti nayo yana siasa zake, na yataka kusemwa kwa upole. Jaramogi alipofariki Januari 1994, kiti cha Bondo kilichukuliwa na mwanawe, Oburu Oginga. Aprili 2006 ndege ilianguka Marsabit na kuwaua wabunge watano kwa siku moja. Nakuru Mjini ikamchagua mwana wa marehemu Mirugi Kariuki. Mwaka 2008 Ainamoi ilimchagua ndugu ya marehemu David Kimutai Too, Bomet ikamchagua mjane wa Kipkalya Kones, na Sotik ikamchagua Joyce Laboso, dada ya marehemu Lorna Laboso. Novemba 2025 Kasipul ilimchagua Boyd Were, mwana wa mbunge aliyeuawa.

Hatuwalaumu walioomboleza, wala hatusemi kwamba mwana au mjane hafai. Joyce Laboso alikuja kuwa Naibu Spika na kisha gavana kwa uwezo wake. Kura ilipigwa, na watu wakaamua. Lakini yafaa tujiulize kwa nini huamua hivyo mara kwa mara. Uchaguzi mdogo huja ghafula, wakati wa matanga. Asiye na jina wala fedha hana muda wa kujulikana. Vigogo wa chama hushuka kutoka Nairobi na magari yao, wakazungumza juu ya machozi zaidi ya maji na shule. Kampeni za Novemba 2025 katika baadhi ya maeneo hazikukosa vurugu. Tukiacha uchaguzi mdogo uwe mazishi ya pili, kiti kitakuwa urithi wa nyumba, nasi tutakuwa tumekitoa wenyewe.

Mlango uliofungwa

Sasa tufike kwenye kiini. Waliotunga Katiba ya 2010 waliyajua haya yote. Kwa hiyo katika kifungu cha 104 waliandika kwamba wapiga kura wana haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya mwisho wa muda wa Bunge, na wakaliagiza Bunge litunge sheria ya kuonyesha njia. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu mwananchi alipewa ufunguo wake mwenyewe.

Bunge lilitunga sheria hiyo mwaka 2011, kama fisi anavyotunga sheria ya kulinda mbuzi. Mbunge asiguswe katika miezi 24 ya kwanza wala katika miezi 12 ya mwisho. Kabla ya ombi kuwasilishwa, Mahakama Kuu iwe imekwisha kumtia hatiani. Ombi litiwe sahihi na asilimia 30 ya wapiga kura wote waliosajiliwa katika eneo, nao wapatikane katika zaidi ya nusu ya wadi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilipima masharti hayo, ikaona kwamba yanaizima haki yenyewe, na ikavitangaza vifungu vyake vikuu kuwa batili.

Msomaji atadhani kwamba mwananchi alishinda. Alishinda mahakamani, akapoteza uwanjani. Vifungu vile vikishaanguka, pakabaki shimo, na wa kulijaza ni wabunge wale wale ambao haki hiyo ingewagusa. Katikati ya mwaka 2024 wananchi wengi waliokasirishwa na kura ya Mswada wa Fedha walizungumza juu ya kuwaondoa wabunge wao. Wakaambiwa njia haipo. Hata mwaka 2025, Tume mpya ilipoingia kazini, shimo lilikuwa lingali wazi. Haki imeandikwa katika Katiba kwa herufi nzuri, na haina mlango wa kuingilia.

Wako wanaosema kwamba haki hiyo ni hatari, kwamba walioshindwa watamwandama mshindi kila uchao, na mbunge atashindwa kufanya kazi. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Mbunge mwema huenda akapiga kura isiyopendwa leo na ikaonekana ya hekima kesho. Ndiyo maana hatudai kwamba kelele za mkutano mmoja zimwondoe mtu. Twadai kipindi cha kusubiri kilicho cha kiasi, idadi ya sahihi inayofikika, uhakiki wa sahihi hizo kufanywa na Tume, kisha kura ya siri. Hayo yatosha kumlinda mbunge. Anayetaka kinga zaidi ya hiyo anataka kulindwa dhidi ya waajiri wake.

Tunayoyadai

Kwanza, Bunge litunge sheria ya kutekeleza kifungu cha 104, iliyo fupi na inayoeleweka na mtu wa kawaida. Kila mgombea wa mwaka 2027 aulizwe hadharani kama ataiunga mkono, na jibu lake liandikwe.

Pili, Tume ya Uchaguzi isikae tena bila makamishna hata siku moja. Muda wao usiishe wote pamoja, na kazi ya kutafuta warithi ianze miezi mingi kabla viti vyao havijawa wazi. Siku 90 za Katiba zikiweza kupuuzwa kwa sababu Serikali na upinzani hawajapatana, Katiba imekuwa mapambo ya ukutani.

Tatu, Spika wa Bunge la Taifa aweke daftari lililo wazi kwa umma, linaloonyesha kila kiti kilicho wazi, siku kilipokuwa wazi, sababu yake, na siku ya mwisho ya kukijaza. Mambo ya wabunge kuhama vyama yaamuliwe kwa ushahidi na kwa muda maalumu, yasingoje kesi ya miaka miwili.

Nne, mianya ya sheria ya vyama izibwe. Mbunge anayefanya kazi na upande uliokataliwa na wapiga kura wake arudi kwao kwanza, awe anahamia Serikalini au anatoka. Kanuni isiwe na mlango mmoja wa kuingilia Serikalini bila ushuru na mwingine wa kutokea kwa ushuru mkubwa, kama ilivyokuwa 1964 na 1966.

Hayo ni ya wakubwa. Nasi tuna yetu. Katika kila parokia, kila ushirika na kila kundi la haki za wananchi, watafutwe watu wawili au watatu wa kuweka kumbukumbu za mbunge wao: alihudhuria lini, alipiga kura gani, alisema nini, alihamia wapi. Kumbukumbu za Bunge huchapishwa; zisomwe na zibandikwe mahali watu wanapokutana, bila matusi na bila kuongeza chumvi. Kiti kikiwa wazi, zihesabiwe siku. Siku ya 21 iulizwe Tume imepata taarifa kutoka kwa Spika au la. Siku ya 90 ikipita, waende mahakamani, na mawakili wenye dhamiri wajitolee bila malipo. Uchaguzi mdogo ukija, watu wajitokeze kwa wingi ule ule wa uchaguzi mkuu, maana kiti kinachojazwa na wachache huwa cha wachache.

Mwaka 1966 Serikali iliamua kiti ni mali ya chama. Mwaka 1967 ikaamua ni mali ya Bunge lenyewe. Kati ya 2023 na 2025 kiti cha Banissa hakikuwa mali ya yeyote. Katiba ya 2010 ilikwisha kusema ni mali ya nani. Yaliyobaki ni sisi kumkumbusha anayekikalia, mapema kabla ya kampeni za 2027 kuanza kutupigia magoti, kwamba mwenye nyumba bado yuko hai na hajasahau hati ya shamba iko wapi.

Mhariri